KWA NINI MTUFAHA HAUAMKI KILWA
Usingizi wa miti ya matunda na baridi ya kutengenezwa

Miti mingi inayoilisha pwani ya Kilwa na Lindi ni migeni. Mkorosho asili yake ni Brazili, nao uliletwa na Wareno katika karne ya 16. Mwembe ulivuka bahari kutoka Bara Hindi. Mtofaa wa pwani, ule ambao maua yake mekundu hutandika ardhi kama zulia, chimbuko lake ni nchi za kusini-mashariki mwa Asia. Wareno walipofika Kilwa Kisiwani mwaka 1505 waliandika juu ya michungwa na milimau waliyoiona katika bustani zilizonyweshewa maji ya visima. Miti hiyo yote ilikuja ikiwa migeni, ikaukubali udongo wa pwani na jua lake, ikazaa, na leo ni vigumu kuifikiria pwani bila miti hiyo.

Hata hivyo, upo mti mmoja ambao haujakubali. Huo ni mtufaha wa Ulaya, ambao tunda lake watu wengi sokoni huliita epo. Mkulima akiuchukua mche wake kutoka Njombe au Lushoto na kuupanda Kilwa Masoko, si lazima mche huo ufe. Aghalabu hushika, hutoa majani machache, hurefuka kidogo kwenye ncha, kisha hutulia. Mwaka wa pili hali huwa ni ile ile, na mwaka wa tatu vivyo hivyo. Matawi ya pembeni hayachipui na maua hayaji. Mkulima huongeza samadi, huzidisha maji, huchimba shimo pana zaidi, na bado mti umesimama vile vile. Kosa si la udongo, wala si la mkulima. Mti huo umelala usingizi, na kitu kinachouamsha hakipatikani pwani.

Kitu hicho ni baridi. Je, kwa kuwa siku hizi binadamu anaweza kutengeneza baridi, haiwezekani kumpelekea mti huo baridi yake? Swali hili si la mzaha. Miche ya matunda ya nchi za baridi huuzwa kwa bei kubwa, na anayeinunua hutoa pamoja na fedha hizo miaka yake kadhaa ya kungoja. Yapasa ajue mapema anangoja nini.

USINGIZI WA MTI NI NINI

Katika nchi za baridi kali maji hugeuka barafu kwa majuma mengi kila mwaka. Jani bichi au ua changa likikutwa na jalidi huungua. Kwa sababu hiyo miti ya huko, kama vile mtufaha, mpichi, mplamu na mpeasi, hupukutisha majani kabla ya baridi kufika, kisha hufunga macho yake. Jicho la mti ni kile kichomozo kidogo kilichopo mahali jani linapoungana na tawi, ambacho ndani yake mna majani au maua machanga yaliyokunjwa.

Lakini kufunga macho peke yake hakutoshi. Katikati ya majira ya baridi huweza kutokea siku chache za joto, kisha jalidi ikarudi kwa nguvu. Mti ambao ungeamka kwa joto la siku tatu ungeangamia siku ya nne. Hivyo miti ya nchi hizo imejengeka kwa namna ambayo haiamini joto hata kidogo mpaka kwanza imepata uthibitisho kwamba majira ya baridi yamepita. Uthibitisho wenyewe ni kiasi cha baridi ambacho mti umekipata. Kiasi hicho kikitimia, usingizi huisha, na ndipo joto linapoweza kuufanya mti uchipue. Kisipotimia, hata joto liwe zuri namna gani, macho hubaki yamefungwa.

Jambo hili lilielezwa vizuri mwaka 1920 na Frederick Coville, mtaalamu wa mimea katika Wizara ya Kilimo ya Marekani. Alitumia kichaka cha matunda madogo ya rangi ya samawati kiitwacho buluberi. Vichaka vilivyowekwa ndani ya nyumba ya vioo yenye joto, ambavyo wengi wangedhani vimetunzwa vyema, vilikawia kuamka, ilhali vilivyoachwa nje kwenye baridi viliamka na kuchanua kwa wakati wake. Zaidi ya hayo, tawi moja lilipotolewa nje likapata baridi, tawi hilo liliamka, na sehemu iliyobaki ndani kwenye joto ikaendelea kulala, ingawa zote mbili zilinyonya maji kwa mizizi ile ile. Maana yake ni kwamba amri ya kuamka haitoki mizizini. Kila jicho hujipatia baridi yake lenyewe.

Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kinachotendeka ndani ya jicho. Seli zake huunganishwa na vijia vyembamba mno, ambavyo kwavyo chakula na taarifa hupita. Mti unapolala, vijia hivyo huzibwa kwa dutu iitwayo kalosi, na kila seli huwa kama nyumba iliyofungiwa mlango. Baridi ya muda mrefu huziwezesha seli kutumia vimeng'enya vinavyoyeyusha vizibo hivyo. Kadhalika, zipo jeni zinazoulazimisha mti kulala, na baridi huzinyamazisha polepole. Mexico kuna aina ya mpichi isiyolala kamwe, na mwaka 2008 watafiti walieleza kwamba mpichi huo umepungukiwa na baadhi ya jeni hizo hizo.

HESABU YA BARIDI

Wakulima wa matunda hupima baridi kwa saa. Kwa kipimo cha zamani, kila saa ambayo joto liko chini ya nyuzi 7 za Sentigredi huhesabiwa kuwa saa moja ya baridi. Mitufaha mingi ya Ulaya huhitaji saa 800 hadi 1200 kwa mwaka. Mipichi mingi huhitaji pungufu ya hizo.

Mwaka 1974 wataalamu wa jimbo la Utah, Marekani, walitoa hesabu iliyo karibu zaidi na tabia ya mti wenyewe. Walionyesha kuwa baridi inayofaa zaidi ni ile iliyo kati ya nyuzi 2 na 9 hivi. Baridi ya kugandisha haiongezi kitu. Joto la nyuzi 13 hadi 16 haliongezi wala halipunguzi. Na joto likizidi nyuzi 18, kila saa hufuta saa moja ya baridi iliyokwisha kupatikana. Kwa maneno mengine, mti una akiba ambayo baridi huweka na joto hutoa, mpaka deni litakapolipwa lote.

Hesabu hiyo tuipeleke Kilwa. Mwezi wa Julai, kipupwe kinapokuwa kimekolea na upepo wa kusi unavuma, wazee hujifunika mashuka na wavuvi huvaa makoti alfajiri. Hata hivyo, usiku wa Julai katika pwani hiyo kwa kawaida ni wa nyuzi 18 hadi 20 hivi, na mchana hukaribia nyuzi 30. Katika saa 24 hakuna hata moja ambayo mtufaha ungeihesabu kuwa baridi, na karibu zote ni za kutoa katika akiba isiyo na kitu.

Tupande basi mpaka uwanda wa juu wa Rondo, ng'ambo ya mji wa Lindi, mahali penye ubaridi kuliko pwani. Joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila meta 1000 za mwinuko, na Rondo ina mwinuko unaozidi meta 800. Usiku wa Julai waweza hivyo kuwa wa nyuzi 13 au 14. Huo ni ubaridi wa kumfanya mtu akoke moto, lakini kwa mtufaha ni sifuri, na jua likichomoza hasara huanza. Ndiyo maana matunda ya jamii hii nchini Tanzania yamepata makao Njombe, Makete, Lushoto na Mgeta katika milima ya Uluguru, na si penginepo chini ya hapo.

BARIDI YA KUTENGENEZWA

Lililo bora kuhusu hesabu ya saa ni kwamba mti haujali baridi imetoka wapi. Saa moja ya nyuzi 4 ndani ya chumba cha baridi ni sawa na saa moja ya nyuzi 4 mlimani. Tena chumba hakina mchana wala jua la kufuta akiba. Mche unaohitaji saa 1000 waweza kuzipata kwa siku 42 tu, maana 24 mara 42 ni 1008. Mlimani kiasi hicho hicho huweza kuchukua miezi mitatu au zaidi.

Katika vitalu vya nchi nyingi kazi hii ni ya kila mwaka. Miche hungojwa mpaka ikomae na kupukutisha majani, kisha hung'olewa bila udongo. Mizizi hufunikwa kwa maranda ya mbao yaliyoloweshwa, fungu zima hufungwa kwa plastiki ili lisikauke, na kuwekwa katika chumba cha nyuzi 2 hadi 5. Siku zikitimia, miche hutolewa na kupandwa, nayo huchipua kwa pamoja, macho ya ncha na ya pembeni, kama watoto walioamshwa kwa kengele moja.

Yapo mambo matatu yanayoharibu kazi hii. La kwanza ni baridi iliyozidi. Jokofu la kugandishia samaki huwa na nyuzi 18 chini ya sifuri, nayo mizizi ya miche hufa humo. La pili ni kuweka miche pamoja na matunda yanayoiva, kwa maana matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, ambayo hudhuru macho yaliyolala. La tatu ni kukatika kwa umeme. Chumba kikikaa siku nzima katika joto la pwani kabla ya deni kulipwa, kwa hesabu ile ya Utah akiba ya siku nzima imefutika.

Mbegu nazo zina usingizi wao. Mbegu ya tufaha au ya pichi iliyotolewa ndani ya tunda na kupandwa moja kwa moja aghalabu haioti. Huhitaji kukaa katika mchanga wenye unyevu, ndani ya jokofu la kawaida la nyumbani, kwa miezi miwili hadi mitatu. Katika miaka ya 1930 mtafiti Florence Flemion wa Marekani alionyesha kwamba kiini cha pichi kikiondolewa gamba na kuoteshwa kwa nguvu bila baridi, mche hutoka, lakini huwa mbilikimo. Majani yake hujikusanya juu ya shina fupi na mche hukataa kurefuka. Mche huo huo ukipewa baridi, huanza kukua kama mingine.

KWA NINI HILO HALIUTATUI UGUMU WA PWANI

Baridi si chanjo inayotolewa mara moja na kumalizika. Mche uliotolewa chumbani na kupandwa Kilwa utaamka vizuri mwaka wa kwanza. Kisha utaunda macho mapya, na macho hayo nayo yatadai baridi yake. Mwaka wa pili mti unakuwa na urefu wa mtu, mwaka wa tano umeshinda dari, na hakuna chumba cha baridi kinachoingiza shamba. Mwenye mti mmoja katika chungu aweza kuuingiza na kuutoa kila mwaka kwa kujifurahisha, lakini hicho si kilimo.

Wapo waliojaribu kuupunguza usingizi wenyewe. Tufaha la aina ya Anna, lililozalishwa Israeli, huhitaji saa 300 hivi tu au pungufu, na aina ya Dorsett Golden, iliyopatikana katika visiwa vya Bahama, hukaribia kiasi hicho. Aina hizi zafaa kwa nyanda za juu ambako baridi ipo lakini haitoshi. Kwa pwani, saa 300 na saa 1000 ni mamoja, kwa sababu akiba ni sifuri.

Njia ya ajabu zaidi ni ya wakulima wa Batu, katika nyanda za juu za Java Mashariki, nchini Indonesia. Wao hawangoji mti ulale. Mwezi mmoja hivi baada ya kuvuna hupita mti hata mti na kupukuchua majani yote kwa mikono. Macho ambayo bado hayajazama katika usingizi mzito hufunguka, maua hutoka, na mti huo huo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini hata Batu si pwani. Mashamba yake yako juu sana ya bahari, penye ubaridi wa kudumu.

Basi chumba cha baridi kina mahali pake, na mahali penyewe ni kitaluni na maabara. Mwenye kitalu Njombe au Lushoto aweza kuotesha mbegu zake kwa pamoja na kuiamsha miche yake kwa wakati anaoutaka, na mtafiti aweza kuzijaribu aina mpya bila kungoja majira. Kuutumia Kilwa ili kuotesha shamba la mitufaha ni kununua usiku mmoja wa majira ya baridi ya Ulaya ya kaskazini kila siku, bila mwisho.

SAA YA MITI YA PWANI

Haifai kudhani kwamba miti ya pwani haina saa. Inayo, ila imetegwa kwa ishara nyingine. Baridi iliyo dawa kwa mtufaha ni sumu kwa miti hiyo. Embe likiwekwa katika baridi ya chini ya nyuzi 12 kwa siku nyingi huharibika, na mche mchanga wa mkorosho hauvumilii jalidi kabisa.

Mwembe una usingizi mfupi kati ya chipuko na chipuko. Tawi likitoa majani mapya hutulia kwa miezi kadhaa, na chipuko lifuatalo laweza kuwa la majani au la maua. Penye usiku wa ubaridi wa kiasi, ubaridi huo husukuma kuelekea maua. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta umri wa majani nao huwa na uzito mkubwa, kwani tawi lenye majani yaliyokomaa kwa miezi minne au mitano ndilo lililo tayari. Ishara yenyewe hutengenezwa majanini, ndiyo maana tawi lililonyonyolewa majani yote halitoi ua, ingawa kwa mtufaha wa Batu kunyonyoa ndiko kunakoleta maua.

Ufilipino, wakulima walikuwa wakifukiza moshi chini ya miembe kwa siku nyingi mfululizo ili ichanue. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa nchi hiyo, Ramon Barba, aligundua kwamba maji yenye nitrati ya potasiamu, gramu 10 kwa kila lita, yakinyunyiziwa majani yaliyokomaa, huleta macho ya maua kwa muda wa wiki moja au mbili. Ugunduzi huo ulibadili kilimo cha maembe cha nchi nzima. Lakini dawa hiyo huamsha tu tawi lililo tayari. Likinyunyiziwa tawi lenye majani mekundu machanga, halitoi maua.

Mkorosho nao, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, huchipua mvua zinapokoma na kuchanua katika kipupwe, ili korosho zianguke kuanzia Oktoba ardhi ikiwa kavu. Hapa ndipo kuijua saa ya mti kunapokuwa jambo la riziki. Mwaka wa mavuno wa 1973/74 Tanzania ilipata karibu tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei duni na mashamba kuachwa watu walipohamia vijijini. Mojawapo iliyokuwa kubwa ni ugonjwa wa ubwiriunga, ulioripotiwa nchini mwaka 1979. Kuvu wake hushambulia majani na maua machanga tu, tena penye hewa ya ubaridi wa kiasi na unyevu, yaani hali ile ile ya asubuhi za Juni hadi Agosti. Wakati mti unapoamka, adui naye yu macho.

Ndipo elimu ya tarehe ilipookoa zao. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, waliwafundisha wakulima kupuliza salfa ya unga tangu chipuko la maua linapoanza, wala si baada ya maua kugeuka meusi. Mkulima aliyechelewa wiki tatu alipuliza salfa ile ile, kwa gharama ile ile, na akavuna kidogo. Pamoja na aina bora za mikorosho na bei iliyopanda, mavuno ya taifa yalizidi tani 300,000 msimu wa 2017/18.

Kwa hiyo mkulima wa Kilwa au Lindi anayeshawishiwa kununua mche wa mtufaha na aulize swali moja kabla ya kutoa fedha: mti huu unahitaji saa ngapi za baridi? Jibu likiwa lolote lililo juu ya sifuri, fedha hizo na zibaki mfukoni. Na kama anataka kuwa bwana wa saa za miti, aanze na ile aliyo nayo. Aandike katika daftari tarehe mwembe wake ulipotoa majani mapya, tarehe mvua ya mwisho iliponyesha, tarehe alipoona chipuko la kwanza la ua kwenye kila mkorosho. Miaka mitatu ya kuandika hivyo itamwonyesha siku za kupogoa, za kupuliza na za kungoja. Na ikiwa bado ana hamu ya tofaa, lile la pwani, la maua mekundu, limekuwa likizaa uani miaka yote hiyo bila kuomba baridi.